Medali ya Aliyekaa Benchi



Safu ya mpira ya toleo hili inakwenda Wembley, kwenye fainali ya Kombe la FA ya tarehe 11 Mei 2013, Manchester City na Wigan Athletic. Najua wengi wenu wakati ule mlikuwa watoto wa madarasa ya mwanzo. Lakini nimeichagua kwa sababu maalumu. Kila mpira ukitajwa katika klabu hii, mabishano huishia kwa mtu mmoja, Ali Al-Habsi, na kwa swali moja: ile medali ya Kombe la FA ni yake kweli, au alikaa tu akapewa?

Tuweke kwanza mambo yasiyo na ubishi. Ali Al-Habsi ni mtoto wa Al-Mudhaibi, mkoa mmoja na Ibra. Alizaliwa mwaka 1981. Alianza kudaka katika klabu ya kwao, na katika ujana wake alikuwa pia mtu wa zimamoto kwenye uwanja wa ndege wa Muscat. Akachezea Al-Nasr ya Salalah, akaenda Norway mwaka 2003 kuchezea Lyn ya Oslo, na Januari 2006 akaingia Bolton, Uingereza. Siku ya fainali tunayoizungumza alikuwa mchezaji wa Wigan. Wigan ilishinda bao 1-0, Al-Habsi akapata medali, akawa Mwomani wa kwanza kutwaa Kombe la FA. Na katika mchezo wenyewe hakucheza hata dakika moja. Aliyesimama langoni alikuwa Joel Robles, Mhispania aliyekuja kwa mkopo kutoka Atlético Madrid Januari ya mwaka huo huo. Al-Habsi alikuwa kwenye benchi la wachezaji wa akiba.

Hapo ndipo kambi zinapogawanyika. Kambi ya kwanza husema medali huvaliwa na aliyetoka jasho, na kwamba kumsifu mtu aliyekaa ni kujipendekeza kwa mtu wa kwetu tu. Kambi ya pili hujibu kwamba Ali ni wetu, Sharqiyah nzima imepata heshima, na anayehoji ana husuda. Mimi nasema medali ni yake, lakini si kwa hoja hiyo ya kambi ya pili. "Ni wetu" si hoja ya mpira. Robles naye alikuwa wa watu wa kwao. Kama tunaitaka medali ile iwe halali mbele ya anayebisha, lazima tuangalie jinsi kombe lile lilivyopatikana, na gharama yake.

Kwa saa za Oman mpira ulianza saa mbili na robo usiku, punde baada ya sala ya Isha. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi yenyewe ilikuwa bado mpya kama siku ya mapumziko, kwani ni tangu tarehe 1 Mei mwaka ule ndipo mapumziko ya wiki nchini yalipohama kutoka Alkhamis na Ijumaa yakawa Ijumaa na Jumamosi. Kwa mtazamaji wa huku mchezo ule ulikuwa na jambo la peke yake. City ilikuwa mali ya Sheikh Mansour bin Zayed wa Abu Dhabi tangu mwaka 2008. Wigan ilikuwa na kijana wa Al-Mudhaibi. Yaani upande mmoja palikuwa na fedha za jirani, na upande wa pili palikuwa na mtoto wa nyumbani. Fainali ya Waingereza ilikuwa nusu yake ni mambo ya Ghuba.

Sasa vigogo walikuwa nani na vibonde walikuwa nani? City walikuwa mabingwa wa Ligi Kuu ya msimu uliotangulia, ule walioutwaa kwa bao la Sergio Agüero katika dakika za nyongeza dhidi ya Queens Park Rangers tarehe 13 Mei 2012. Wembley waliingia na Joe Hart, Vincent Kompany, Yaya Touré, David Silva, Carlos Tevez na Agüero huyo huyo. Wigan ni klabu ya mji ambao fahari yake kubwa ni raga, si mpira wa miguu. Klabu iliundwa mwaka 1932, ikaingia kwenye ligi ya kulipwa mwaka 1978, na Ligi Kuu ikaiona kwa mara ya kwanza mwaka 2005. Kombe kubwa ilikuwa haijawahi kulitwaa. Nahodha wa siku ile uwanjani, Emmerson Boyce, alikuwa mchezaji wa timu ya taifa ya Barbados. Roger Espinoza alitoka Honduras, Antolín Alcaraz alitoka Paraguay, Shaun Maloney na James McArthur walikuwa Waskoti. Ukiongeza na Mwomani kwenye benchi, ilikuwa timu ya watu ambao mataifa yao hayazoei kuitwa vigogo. Na juu ya hayo yote, Wigan walikuwa katika shimo la kushuka daraja, na mechi za ligi zilizobaki zilikuwa mbili tu.

Wazee wetu wa pwani wana methali: dau la mnyonge haliendi joshi. Wanachama wetu wa Sur, mji ambao majahazi yake yalikuwa yakienda Unguja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, pengine hawahitaji kufafanuliwa. Sisi wa Nizwa na Ibra, watu wa bara na mitende, tunahitaji. Joshi ni upande unakotoka upepo. Kukipeleka chombo upande huo kunataka tanga zima, kamba madhubuti na mabaharia wa kutosha. Dau la maskini, lenye tanga la viraka, husukumwa tu na upepo kule unakokwenda. Ndiyo maana ya methali: asiye na nguvu hafiki anakotaka, hufikishwa anakopelekwa.

Wengi wetu husimama hapo. Tukiona mnyonge amefika joshi, tunasema bahati, au tunasema maajabu, na mazungumzo yanakwisha. Lakini mabaharia waliotuachia methali ile wametuachia na neno lingine: kubisha. Chombo kinachobisha hakiukabili upepo uso kwa uso. Kinakwenda upande mmoja, kinageuza tanga, kinakwenda upande wa pili, na kila mgeuzo kinapanda kidogo. Ni kazi ya kuchosha na inataka nahodha anayeujua upepo. Kwa macho ya mtu wa ufukweni chombo kinaonekana kama kinatangatanga. Kumbe kinapanda.

Kocha wa Wigan, Roberto Martínez, aliibishia City namna hiyo. Hakuwajaza watu wake golini kusubiri penalti, kama wanyonge wengi wanavyofanya. Aliwaambia wacheze mpira, na njia yao ya kupandia ikawa pembeni, kwa kijana wa miaka 22 aitwaye Callum McManaman. Tangu kipindi cha kwanza kijana huyo alikuwa akiwaendea mabeki wa City mmoja mmoja, akikata ndani, akitoka nje, akiwapa kazi ambayo hawakuitarajia. Ndiye aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora wa fainali. City nao walipata nafasi zao, na Robles aliokoa mpira wa Tevez kwa mguu mchezo ukiwa bado haujafika mapumziko. Tusimnyime haki yake: alidaka vizuri.

Dakika ya 84 kazi ya McManaman ikazaa. Pablo Zabaleta, aliyekuwa tayari na kadi ya njano, alimkwatua akapewa ya pili na kutolewa. Alikuwa mchezaji wa tatu tu katika historia kutolewa kwa kadi nyekundu kwenye fainali ya kombe hilo, baada ya Kevin Moran mwaka 1985 na José Antonio Reyes mwaka 2005. City wakabaki kumi. Kisha, dakika ya kwanza ya zile za nyongeza, Wigan wakapata kona. Maloney akaipiga, na Ben Watson akaruka kwenye nguzo ya karibu akaupeleka mpira wavuni kwa kichwa. Bao 1-0, na muda wa kujibu haukubaki.

Hapa ndipo ninapoomba kambi ya kwanza inisikilize. Ben Watson alitoka wapi? Alitoka benchi. Aliingia dakika ya 81 kuchukua nafasi ya Jordi Gómez. Novemba ya msimu ule alivunjika mguu katika mechi na Liverpool, akakaa nje miezi mingi, na alikuwa amerudi uwanjani karibuni tu. Alikaa kwenye benchi lile lile alilokaa Al-Habsi kwa zaidi ya dakika 80. Kama mpira ungekwisha dakika ya 80, mngesema naye alikaa tu.

Na kuna mtu wa tatu katika habari hii ya benchi, naye ni aliyekuwa mwenye klabu wakati ule, Dave Whelan. Siku ile ya 2013 ndiye aliyeiongoza timu kuingia uwanjani pamoja na kocha. Whelan mwenyewe alikuwa mchezaji zamani. Mwaka 1960 alicheza fainali ya kombe hili hili, Wembley hiyo hiyo ya zamani, akiwa na Blackburn dhidi ya Wolverhampton Wanderers. Kabla ya mapumziko alivunjika mguu. Zama zile sheria haikuruhusu kubadilisha mchezaji. Blackburn wakaendelea watu kumi, wakafungwa 3-0. Hakukuwa na mtu wa kuingia kwa sababu hakukuwa na benchi.

Tafakarini hilo. Mzee aliyepoteza fainali kwa kukosa benchi, miaka 53 baadaye ameshinda fainali kwa bao la mtu wa benchi. Akiulizwa yeye kama mchezaji wa akiba ni pambo, sidhani kama atahitaji muda wa kufikiri. Na kwa golikipa jambo hili ni zito zaidi. Mshambuliaji akiumia, kiungo anaweza kusogea mbele. Golikipa akiumia, au akipewa kadi nyekundu, hakuna wa kusogea, isipokuwa beki avae glovu na watu waombe Mungu. Golikipa wa akiba ni mtu anayejiandaa kwa mechi kamili, anapasha mwili moto kamili, anawasoma wapigaji penalti wa upande wa pili, halafu karibu kila mara anavua glovu bila ya kuzitumia. Kazi yake ni kuwa tayari. Kazi hiyo haionekani pale inapofanyika vizuri.

Upande wa pili wa uwanja nao ulikuwa na kisa kama hicho. Nusu fainali dhidi ya Chelsea, golikipa wa City alikuwa Costel Pantilimon. Fainali ilipofika kocha Roberto Mancini akamweka Hart, golikipa wake wa ligi. Kwa hiyo usiku ule Wembley palikuwa na magolikipa wawili waliokaa wakiangalia wenzao, kila mmoja na sababu ya kusikitika. Mmoja aliondoka na medali ya ushindi, mwingine ya kushindwa. Wote wawili hawakugusa mpira.

Lakini sitaki kuijenga hoja yangu juu ya dakika 90 peke yake. Tuangalie Wigan ilikuwepo vipi katika hali ya kuweza kucheza fainali ile. Al-Habsi alifika kwa mkopo kutoka Bolton msimu wa 2010–11, baada ya kukaa miaka kadhaa nyuma ya Jussi Jääskeläinen wa Finland. Msimu huo wa kwanza Wigan walinusurika kushuka siku ya mwisho kabisa, kwa kuifunga Stoke 1-0 ugenini, na Al-Habsi akachaguliwa mchezaji bora wa klabu wa mwaka. Wakamnunua moja kwa moja. Msimu uliofuata walikuwa tena kaburini hadi Machi. Aprili 2012 wakaifunga Manchester United 1-0 nyumbani, na siku tano baadaye wakaifunga Arsenal 2-1 huko huko London, Al-Habsi akiwa langoni. Wakanusurika tena. Klabu ndogo ikishuka daraja huuza wachezaji, na kocha naye hutafutwa na wengine. Timu iliyokwenda Wembley Mei 2013 ilikuwa bado pamoja kwa sababu miaka miwili iliyotangulia kuna mtu aliizuia isianguke. Mtu huyo hakuwa peke yake, lakini alikuwa wa kwanza kutajwa.

Wala hakuwa mgeni wa fainali. Kombe la Ghuba la 2004 Oman walifika fainali Doha wakafungwa na Qatar kwa penalti. La 2007 wakafika tena, Abu Dhabi, wakafungwa na Imarati 1-0. La tatu, Januari 2009, likawa hapa Muscat. Oman hawakufungwa hata bao moja katika mashindano yote, na fainali wakaishinda Saudi Arabia kwa penalti 6-5 baada ya sare ya bila kufungana. Golikipa wa fainali zote tatu alikuwa Al-Habsi. Wazee wa Sharqiyah na Dakhiliyah wanaokumbuka mpira wa Oman wa zamani, wakati timu yetu ilipokuwa ikienda Kombe la Ghuba kuwapa wengine pointi, watakwambia hilo la 2009 lilikuwa na uzito gani. Huyo ndiye aliyekuwa amekaa benchi Wembley: mtu aliyejua fainali inavyouma na inavyoponya.

Sasa nije kwa upande ambao mashabiki wake hawapendi kuutaja. Siku mbili baada ya fainali, Jumatatu tarehe 13 Mei, City wakamfukuza Mancini, mwaka mmoja kamili tangu siku aliyowapa ubingwa. Watu wakacheka. Siku iliyofuata, Jumanne usiku, Wigan wakaenda kucheza na Arsenal mechi ya ligi ambayo lazima wasifungwe. Wakafungwa 4-1. Wakashuka daraja. Wigan ikawa klabu ya kwanza katika historia ya mpira wa Uingereza kutwaa Kombe la FA na kushuka kutoka Ligi Kuu katika msimu mmoja. Jumamosi kombe, Jumanne kilio. Robles ndiye aliyekuwa langoni tena.

Hapo utaona tofauti ya mizani mbili. Ligi ni mizani ya mechi 38, na inapima uzito wa klabu nzima: fedha, majeruhi, safari, wachezaji wa kutosha. Huko mnyonge hujulikana. Kombe ni mizani ya siku moja, na siku moja mtu anaweza kubisha akapanda. Ni vibaya kuitumia mizani moja kuikanusha nyingine. Wanaosema "walishuka, kwa hivyo kombe lilikuwa bahati" wanakosea sawa na wanaosema "walitwaa kombe, kwa hivyo hawakustahili kushuka". Walistahili vyote viwili.

Na hili la bahati lina jibu lake katika miaka iliyofuata. Tarehe 9 Machi 2014 Wigan, sasa wakiwa daraja la pili, walikwenda nyumbani kwa City katika robo fainali ya kombe hilo hilo wakawatoa 2-1. Februari 2018, wakiwa daraja la tatu, waliwatoa City tena 1-0, kwa bao la Will Grigg, na City ile ilikuwa ya Pep Guardiola, iliyokuwa njiani kuchukua ubingwa. Bahati haimtembelei mtu yule yule mlango ule ule mara tatu. Makocha walikuwa wamebadilika, wachezaji wamebadilika, lakini klabu ilishajua kwamba joshi kunafikika.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Medali ni ya Al-Habsi kwa sababu alikuwa sehemu ya chombo. Na ushahidi mkubwa kwamba alikuwa sehemu ya chombo ni kwamba chombo kilipozama Jumanne alizama nacho. Hakuna aliyesema kuwa Al-Habsi hakushuka daraja kwa vile hakucheza mechi ya Arsenal. Kwenye rekodi yake imeandikwa ameshuka, na msimu uliofuata alikuwa mchezaji wa daraja la pili. Kama tunambebesha sehemu yake ya kuanguka bila ya kuhesabu dakika, haki inataka tumpe na sehemu yake ya kombe bila ya kuhesabu dakika. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kuna mechi moja zaidi ningependa wabishi wa pande zote waiweke mezani. Tarehe 29 Mei 2017 Al-Habsi alirudi Wembley akiwa golikipa wa Reading, fainali ya kutafuta nafasi ya kupanda Ligi Kuu, dhidi ya Huddersfield. Safari hii alicheza dakika zote 120 bila kufungwa. Zilipokuja penalti akaokoa moja, ya Michael Hefele. Reading wakashindwa 4-3. Hakuna kombe, hakuna kupanda. Basi Wembley alikaa akashinda, na Wembley alidaka vizuri akashindwa. Anayetaka medali ilingane na jasho la mtu mmoja mmoja, angalie tenisi. Mpira wa miguu haukuumbwa hivyo.

Haya yana faida gani kwetu? Mikoa yetu miwili ina klabu zenye majina: Fanja imelitwaa Kombe la Sultan mara nyingi, Sur na Al-Oruba nazo zimelileta Sharqiyah zaidi ya mara moja. Lakini kila mwaka zinaingia pia klabu za wilaya ambazo hakuna anayezitabiria kitu, na kila baada ya muda moja wapo humtoa kigogo. Nikiwasikiliza vijana wakisimulia siku ya pili, nasikia "bahati tu" au "kigogo alilala". Mara chache nasikia nani alikaba wapi, nani aliingia dakika ya ngapi, kocha alibadilisha nini. Tunamnyima mnyonge kitu pekee alichokuwa nacho, yaani akili yake. Ninaomba wanaoandika katika jarida hili habari za mechi za vyuo, waanze na hayo.

La pili ni la klabu yetu yenyewe. Wengi mnaniambia, "Mimi Kiswahili nakisikia tu, sikisemi." Bibi anasema nyumbani, nyinyi mnajibu kwa Kiarabu. Mnajiita watazamaji. Lakini mtu anayemwelewa bibi yake neno kwa neno, utani na methali humo humo, hayuko jukwaani na tiketi mkononi. Yuko benchi, na jezi ameshavaa. Tofauti yake na aliye uwanjani ni kwamba bado hajaitwa, au ameitwa akaona haya kusimama. Al-Habsi alikaa benchi Bolton miaka, na alipopelekwa Wigan alikuwa tayari, kwa sababu kila siku ya benchi ilikuwa pia siku ya mazoezi. Mnaosikia tu, fanyeni mazoezi. Jibu moja kwa siku, kwa bibi, linatosha kwa kuanzia. Akikucheka mara ya kwanza, mjibu tena.

Najua kambi ya kwanza haitaridhika, na sitaki iridhike kwa kunyamaza. Mwenye hoja ya kwamba medali ile si halali aiandike kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, ampe mhariri kabla ya toleo lijalo. Nitaichapa katika nafasi ya safu hii bila kuijibu. Walimu nao wanakaribishwa, ingawa nasikia mmoja wao ni shabiki wa City na donda lake halijapona.